Kidonge cha Kwanza na Miezi Sita Inayofuata

Maneno ya mazungumzo ya afisa uhusiano wa polisi mbele ya wafanyabiashara, madereva wa pikipiki na wakazi wa Kimironko, wilaya ya Gasabo, Kigali



Najua baadhi yenu mmeshangaa kumwona askari mwenye sare akisimama kuzungumzia dawa. Mmezoea kunisikia nikisema juu ya kofia ngumu, juu ya kanyanga, juu ya wezi wa simu pale kituo cha mabasi. Leo nimeomba ruhusa niseme juu ya dawa za VVU, na hasa juu ya mtu anayezianza: nini kitamkuta siku ya kwanza, wiki za kwanza, na miezi sita ya kwanza. Nitasema kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini mwetu mwaka 2017, kwa kuwa katika soko hili wamo wauza vitenge kutoka Kongo, madereva kutoka Tanzania na jirani zetu Warundi, nayo maradhi haya hayaulizi pasipoti. Nimefuatana na muuguzi. Nitakapokosea atanisahihisha mbele yenu, nami naahidi sitamkamata.

Kwanza sina budi kueleza kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari mpya katika kituo ambacho sitakitaja, aliletwa kijana wa pikipiki kwa ugomvi wa nauli. Mfukoni mwake tulikuta karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge visivyo na jina. Nilimwuliza ni vya nini. Akatazama watu watano waliokuwa naye chumbani, akanyamaza. Mimi nikaona kunyamaza ni dalili ya hatia, nikavitwaa. Siku mbili akakaa bila dawa. Siku ya tatu dada yake akaja na bahasha yenye kadi ya kliniki, nami, kwa ujinga wa ujana, nikaisoma kwa sauti pale mezani, mbele ya kila aliyekuwapo.

Siku zile sikuona nimefanya kosa kubwa. Kijana aliachiliwa na vidonge vyake akarudishiwa. Lakini miezi kadhaa baadaye nilikutana naye barabarani, amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Akanieleza bila hasira, jambo lililoniumiza zaidi, kwamba baada ya siku ile aliona haya kwenda kliniki ya mtaani kwake. Akahamia ya mbali. Nauli ikamshinda, akaacha dawa. Alizirudia baadaye kwa kushikwa mkono na dada yake yule yule. Tangu hapo nilianza kuuliza wauguzi na kusoma, nami nimefahamu kwamba dawa zenyewe si mzigo mzito kama watu wanavyodhani. Uzito uko katika macho ya watu, nayo macho ya askari ni miongoni mwa hayo.

Basi tuanze na siku ya majibu. Mtu hapewi jibu la kuwa na VVU kwa kipimo kimoja tu. Damu hupimwa tena kwa vipimo vingine vya kuthibitisha, na kabla ya dawa hupewa nasaha faraghani. Zamani, akishathibitishwa, aliweza kuambiwa arudi nyumbani asubiri mpaka kinga yake ishuke. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipandisha kiwango hicho kidogo kidogo: chembe za CD4 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013. Mwaka 2015 ukatoka utafiti uitwao START, uliofanywa katika nchi 35, ukaonyesha kwamba wanaoanza dawa mapema hupunguza hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa asilimia 57 wakilinganishwa na wanaosubiri. Mwaka huo huo Shirika likasema kila mwenye virusi aanzishwe dawa, na Rwanda ikaanza utaratibu huo Julai 2016. Kwa hiyo ukienda leo na ukakutwa navyo, usishangae ukiambiwa uanze siku ile ile au ndani ya wiki moja. Haina maana kwamba hali yako ni mbaya. Wapo wanaoanza wakiwa na nguvu za kubeba gunia la viazi begani, na ndio wanaofaidi zaidi.

Siku hiyo utapimwa uzito na shinikizo la damu. Utaulizwa kama una kikohozi, homa au jasho la usiku, kwa sababu kifua kikuu hupenda kujificha nyuma ya VVU. Utachukuliwa damu kutazama kinga, na mara nyingi figo na homa ya ini aina ya B. Utaulizwa dawa nyingine unazotumia. Hapo usifiche kitu, hata kama ni mizizi uliyopewa na mzee wa kijijini. Mwenye kisukari atumiaye metformini, mwenye kifafa, na anayetibiwa kifua kikuu, wote hawa hupangiwa dozi kwa uangalifu wa pekee. Dawa za VVU zenyewe hutolewa bila malipo. Mwanamke mjamzito huanza pia, wala asingoje kujifungua: bila tiba, mama huweza kumwambukiza mtoto wake kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45, lakini kwa tiba nzuri hatari hushuka chini ya asilimia 5, naye hunyonyesha mtoto wake huku akifuata maagizo ya kliniki.

Kidonge chenyewe kwa watu wazima wengi ni kimoja tu kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Nasema hivi kwa sababu sokoni bado nasikia habari za zamani. Mama mmoja aliniambia hawezi kuanza dawa kwa kuwa zitamla mashavu. Mama huyo hakusema uongo; alikumbuka stavudini, iliyokuwamo katika kidonge cha Triomune kilichoenea Afrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Iliokoa maisha ya wengi, lakini iliwaunguza miguu kwa ganzi na kuwanyonya mafuta ya uso. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009. Wengine wanakumbuka efavirenzi, iliyowapa kizunguzungu na ndoto za kutisha, wakawa wanaimeza wakati wa kulala. Hii ya sasa si hiyo. Anayekusimulia mateso ya mwaka 2006 anakusimulia kweli, ila ni kweli ya dawa nyingine.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba hutahisi kitu. Katika wiki za kwanza wako wanaoumwa kichwa, wanaochafukwa na roho, wanaoharisha kidogo au tumbo kujaa, na wanaokosa usingizi. Kwa wengi mambo haya hupungua baada ya siku chache au wiki chache. Ukikosa usingizi, mwulize muuguzi kama unaweza kukimeza asubuhi. Unaweza kukimeza umekula au hujala, basi asiyepata chakula cha mchana asiseme anangoja ashibe. Wengine huongezeka uzito, na hapa kwetu wengi hufurahia jambo hilo, lakini ukizidi sema kliniki. Ila macho au ngozi vikigeuka manjano, upele ukienea mwilini pamoja na homa, au kupumua kukiwa kwa shida, usingoje tarehe ya kadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Lipo jambo moja wengi hawaambiwi, nalo ndilo huwakimbiza baadhi. Mtu aliyechelewa sana, ambaye kinga yake imeshuka mno, anaweza kuanza dawa akaona hali inaharibika badala ya kuboreka: homa inapanda, tezi zinavimba, kikohozi kinaanza. Majirani husema dawa zimemkataa. Sivyo. Kinga iliyokuwa imezimia inaamka na kuanza kupigana na maradhi yaliyokuwa yamejificha, mara nyingi kifua kikuu. Mtu huyo anahitaji kurudi kliniki haraka atibiwe ugonjwa uliojitokeza, na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa mtaniuliza: kwa nini kila siku, na kwa nini maisha yote? Nitawajibu kwa mambo ya kazi yangu. Ninyi mnaofanya irondo mnajua kwamba wezi wa mtaa hawahami kwa sababu mmepita usiku mmoja. Wanajificha. Mkilinda kila usiku, mtaa unalala. Mkiacha wiki mbili au tatu wanarudi, tena wakiwa wamejifunza njia zenu. Virusi hivi vina tabia hiyo. Dawa huvizuia visizaliane, lakini vingine hulala ndani ya chembe za mwili mahali ambapo dawa haivifikii. Ukiacha, kwa watu wengi huibuka tena ndani ya wiki chache. Ukimeza leo na kuruka kesho kutwa, virusi vinaonja dawa bila kuuawa, na hapo ndipo vinapoweza kujifunza kuistahimili. Na mwenye homa ya ini aina ya B ana sababu ya pili, maana kidonge hiki hiki hulituliza na ini lake. Akiacha ghafla ini linaweza kuwaka.

Ukisahau saa yako, meza unapokumbuka, kisha endelea na saa ya kawaida. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia cha jana. Ukinywa pombe Jumamosi, na nasema haya nikijua kwamba mnakunywa, usiruke kidonge kwa hofu kwamba vitapigana. Pombe haikatazi kidonge, hatari yake ni kukusahaulisha. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalisiamu na vile vya kutuliza kiungulia huweza kuizuia dolutegraviri isiingie mwilini vizuri, kwa hiyo mwulize muuguzi namna ya kuvitenganisha kwa saa. Wajawazito, hilo linawahusu sana, kwa sababu nyote hupewa vidonge vya damu.

Na kopo? Nimesikia vijana wa pikipiki wakilalamika kwamba kopo hulia mfukoni kama njuga. Wako wanaomwaga vidonge katika karatasi, kama yule kijana wangu. Karatasi hainilindi mimi askari nisishuku, wala haikulindi wewe na unyevu. Weka pamba kidogo ndani ya kopo, ukiacha na kile kifuko cha kukausha, basi litanyamaza. Chukua vidonge vya siku mbili tatu katika kichupa kidogo kikavu, na nakala ya kadi yako ndani ya bahasha iliyofungwa. Anayesafiri kwenda Goma au Mwanza kwa biashara achukue vya siku zaidi ya safari yake, kwa sababu mipaka na mvua havina ratiba.

Mwezi wa sita ndio wa kipimo kikubwa, cha wingi wa virusi katika damu. Kwa anayemeza vizuri, dolutegraviri huvishusha haraka, mara nyingi ndani ya miezi mitatu, lakini ni karatasi ya mwezi wa sita inayosema rasmi. Virusi vikiwa bado vingi, utaitwa kuzungumza, na swali la kwanza halitakuwa la kukulaumu, litakuwa ni nini kinachokuzuia kumeza. Vikiwa havionekani, utaendelea kupimwa kwa vipindi, mara nyingi kila mwaka, nawe ukishatulia utapewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mkupuo. Huko kwenye foleni unakokuogopa hutaenda kila wiki.

Neno hili la kutoonekana naomba mlisikie vizuri, maana limevunja ndoa kwa kutojulikana na lingeweza kuziokoa. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Utafiti wa Ulaya uitwao PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata wanandoa na wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Walikutana kimwili bila kondomu takriban mara 58,000, na halikupatikana hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi aliye kwenye dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba kwa mtu wa namna hiyo hatari ya kumwambukiza mwenzi wake ni sifuri. Kondomu bado ina kazi yake kwa maradhi mengine na kwa miezi ile kabla ya kipimo. Lakini mume anayemfukuza mkewe kitandani kwa sababu ya kidonge anamfukuza mtu yule yule anayemlinda.

Hapa nafika penye kazi yangu hasa. Tumepokea wanawake ambao waume zao walitupa dawa chooni. Tumepokea wanaume, nao wapo ingawa hawasemi, waliotishwa na mtu aliyeona kadi: toa fedha, la sivyo nitatangaza sokoni. Kumnyima mtu dawa zake na kumtoza fedha kwa kitisho ni mambo ya sheria, si ya kumalizwa na wazee wa mtaa kwa chupa za bia. Piga 3512 kwa unyanyasaji wa nyumbani, au 112 kwa dharura. Vituo vya Isange, vilivyoanza mwaka 2009 katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, sasa viko katika hospitali za wilaya, na ndani yake kuna daktari, mshauri na mpelelezi chini ya paa moja. Aliyebakwa, mwanamke, mwanamume au mtoto, afike humo mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu kuna dawa za siku 28 za kuzuia ambukizo, na baada ya saa hizo haziaminiki tena. Asioge kwanza. Asingoje asubuhi. Wala asidaiwe kumtaja mtuhumiwa ndipo apewe dawa.

Na anayeshikiliwa? Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015 kanuni zilizopewa jina la Nelson Mandela juu ya watu walio mikononi mwa dola, nazo zinataja kwa jina kwamba tiba ya VVU na ya kifua kikuu isikatizwe. Kwa hiyo ukishikwa, kwa haki au kwa makosa, huna haja ya kusema ugonjwa wako mbele ya watu. Mwambie askari maneno haya tu: ninatumia dawa ya kila siku, naomba kuzungumza na afisa faraghani. Yeye hatakiwi kukuuliza ni dawa ya nini mbele ya wengine, na ndugu zako wanaweza kuileta ikiwa katika bahasha. Nimewafundisha vijana wangu hivyo. Yupo atakayekosea? Atakuwapo. Likitokea, nitafuteni mimi, na sitauliza ulikuwa umeshikwa kwa kosa gani.

Utafiti mkubwa uliofanywa nchini mwetu mwaka 2018 na 2019 ulikuta watu wazima wenye virusi ni kama 3 kwa kila 100. Kati ya wenye virusi 100, takriban 84 walijua hali yao. Na karibu wote waliojua walikuwa kwenye dawa. Maana yake ni kwamba Mnyarwanda akijua, huanza. Wale 16 waliobaki ndio ninaowafikiria ninapopita kati ya meza zenu za nyanya na mitumba. Mmoja wao huenda anauza vizuri sana leo, ana afya, anacheka, na hajui.

Nimesema mengi kuliko nilivyopewa muda, naona Mheshimiwa anatazama saa. Muuguzi atabaki hapa mpaka saa kumi kujibu maswali ya dawa, na ambaye hapendi kuuliza mbele ya watu amwandikie kwenye karatasi bila jina, kuna kisanduku pale mlangoni. Hema la kupima liko upande wa nyuma, na kwa ombi langu askari wote wenye sare, pamoja nami, tutasimama upande huu wa barabara ili asionekane na sisi yeyote anayeingia.